Pauni 5 za Frank Whittle

Tukitaja injini ya jeti, wengi tunawaza maabara za mabilioni. Mimi nikisoma historia yake nawaza Gerezani, pale jirani na Kariakoo, ambako fundi anachomoa kipuri kwenye injini iliyokufa anakifunga kwenye nyingine, maana hela ya kipya haipo. Frank Whittle alifanya kazi hivyohivyo.

Alizaliwa Coventry, Uingereza, mwaka 1907, akajifunza ufundi kwenye karakana ya baba yake. Jeshi la anga lilimkataa mwanzoni kwa sababu ya ufupi: alikuwa na futi 5 tu. Jamaa hakukata tamaa. Mwaka 1923 aliingia kama mwanagenzi wa ufundi, baadaye akawa rubani.

Januari 1930, akiwa na miaka 22, aliomba hataza ya wazo lake. Hewa inavutwa kwa mbele, kompresa inaigandamiza, mafuta yananyunyizwa na kuwaka, kisha gesi ya moto inachomoka nyuma kwa kasi na kuisukuma ndege. Ikiwa njiani, gesi hiyo inazungusha tabaini inayoendesha kompresa. Wizara ya Anga haikuona faida. Kwa metali za wakati ule, wakubwa waliona haiwezekani.

Hapa ndipo panaponiuma. Januari 1935 hataza ilitakiwa kulipiwa pauni 5 ili iendelee. Whittle wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Cambridge, ana mke na watoto wawili. Hela hakuwa nayo, wizara nayo ikagoma kulipa. Hataza ikafa. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kusubiri bumu anaelewa.

Aliokolewa na marafiki wawili waliotafuta wawekezaji, na mwaka 1936 kampuni ya Power Jets ikaanzishwa. Tarehe 12 Aprili 1937, huko Rugby, injini iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ikapiga mluzi na kuongeza kasi yenyewe hata baada ya mafuta kufungwa, kwa sababu mafuta mengine yalikuwa yamevujia ndani na kutuama. Watu wakatoka mbio. Whittle akabaki kwenye vidhibiti.

Majaribio yakahamia Lutterworth, kwenye kiwanda cha zamani cha kusubu chuma. Injini ileile ilijengwa upya zaidi ya mara moja, vipuri vikirudiwa kwa sababu ya ukata. Mapanga yalikatika, moto haukutulia, wakarekebisha, wakawasha tena.

Kumbe Ujerumani kulikuwa na kijana mwingine, Hans von Ohain, mwenye wazo kama hilo. Tofauti ni kwamba yeye, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu, alipata tajiri wa kiwanda cha ndege, Ernst Heinkel, aliyemlipia majaribio. Ndege yao iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Ya Whittle iliruka tarehe 15 Mei 1941, kwa dakika 17, na hapo tayari vita vilikuwa vimeilazimisha serikali kufungua mkoba.

Sisi huku tuliifikiwa mapema na matunda yake. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti, London hadi Johannesburg, ikatua Entebbe njiani. Whittle alipewa cheo cha Sir na tuzo ya pauni 100,000, lakini kampuni yake ilikuwa imeshachukuliwa na serikali, na kazi ilikuwa imemvunja afya. Alifariki Marekani mwaka 1996.

Wenzangu, tusidanganyane kwamba kipaji kinajitosheleza. Von Ohain hakumtangulia Whittle kwa akili. Alimtangulia kwa kupata mtu wa kulipia jaribio linaloweza kufeli. Kwenye kabati za idara zetu kuna miradi ya mwaka wa mwisho inayolala baada ya maksi kutoka. Serikali ya wanafunzi ina bajeti ya bonanza kila mwaka. Itenge fungu dogo la kulipia ada za hataza na vipuri vya majaribio, hata kwa miradi mitatu tu. Fundi wa Gerezani wa kuichomelea yupo, tena hachelewi.