Goti likikataa, mkumbuke Wanjiru wa Nyahururu

Umejiandikisha kwa mbio za kilomita 21. Pesa umelipa, fulana umepewa, na marafiki wote wa kazini wanajua. Shida ni goti. Miezi michache iliyopita lilivimba, ukapumzika, ukaanza kutembea, na sasa unajaribu tena kila alfajiri kabla jua halijachomoza.

Kama unaishi Embu ama Meru, barabara unaijua: Runyenjes, Chuka, Nkubu, hadi Makutano. Mito inateremka kutoka mlimani na kila mto una bonde lake. Kwa hivyo unashuka, unavuka daraja, unapanda, halafu unashuka tena. Kupanda kunakumaliza pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoliumiza goti. Manake ukishuka, misuli ya paja inafanya kazi ya breki, na uzito wa mwili unaligonga goti kila unapokanyaga.

Sasa uko njia panda. Ukimbie ama uache? Kabla hujaamua, hebu nikusimulie maisha ya kijana mmoja wa upande wa pili wa Mlima Kenya. Toka Meru, pita Nanyuki, vuka Laikipia, utafika Nyahururu. Hapo ndipo kwao Samuel Kamau Wanjiru. Kama una miaka 20 leo, alipofariki ulikuwa bado mtoto mdogo, na huenda jina lake umelisikia tu kwa wazee wakibishana kuhusu nani alikuwa mkali zaidi kabla ya Eliud Kipchoge. Basi sikiliza.

Wanjiru alizaliwa Novemba 10, 1986. Jina lenyewe linakuambia kitu, si ndiyo? Wanjiru ni jina la kike, na kwake lilikuwa la mama yake, aliyemlea. Nyumbani hakukuwa na mali. Kulikuwa na baridi, vilima, na hewa nyepesi ya mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Alianza kukimbia akiwa mtoto wa shule ya msingi, kama watoto wengi wa huko.

Mwaka wa 2002, akiwa na miaka 15 tu, alipanda ndege kwenda Japani. Fikiria wewe ukiwa na umri huo: hujui lugha, hujui chakula, na mama yuko mbali. Shule ya upili ya Sendai Ikuei ilimpa nafasi ya masomo kwa sababu ya miguu yake. Japani wanapenda sana ekiden, zile mbio za barabarani za kupokezana ambapo kila mkimbiaji anavaa ukanda begani na kumvisha mwenzake. Ukilegea, unawaangusha wote. Huko ndiko Wanjiru alikojifunza nidhamu ya mazoezi, akajua Kijapani, na akalipata neno moja la wenyeji, gaman. Maana yake ni kuvumilia bila kulalamika. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Alipomaliza shule, mwaka wa 2005, alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu. Kocha wake akawa Koichi Morishita, mshindi wa fedha katika marathoni ya Olimpiki ya 1992. Mwaka huohuo dunia ikamjua. Agosti, mjini Brussels, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:41.75, rekodi ya dunia ya vijana chipukizi. Wiki mbili hivi baadaye, mjini Rotterdam, alikimbia nusu marathoni kwa dakika 59:16. Rekodi ya dunia ya Paul Tergat, iliyokuwa imesimama tangu 1998, ikaanguka kwa sekunde moja. Aliyeiangusha hakuwa hata ametimiza miaka 19.

Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliichukua rekodi hiyo Januari 2006. Wanjiru akairudisha Februari 2007 kule Ras Al Khaimah, kwa dakika 58:53. Mwezi uliofuata, mjini The Hague, akaishusha tena hadi 58:33. Unataka kujua hiyo ni kasi gani? Ni chini ya dakika 2 na sekunde 47 kwa kila kilomita, mara ishirini na moja mfululizo. Wewe ukimaliza 21 zako kwa saa mbili, jambo ambalo si dogo, basi yeye akikata utepe wewe ndiyo kwanza umepita kilomita ya 10. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2010, Zersenay Tadese wa Eritrea alipoivunja Lisbon.

Halafu akaingia marathoni. Ya kwanza, Fukuoka, Desemba 2007, akashinda. Agosti 24, 2008, akasimama kwenye mstari wa kuanzia Beijing. Wataalamu wengi walikuwa wamesema siku ya joto kama ile ni ya kubana, kila mtu akimsubiri mwenzake. Wanjiru hakusubiri. Kilomita 10 za kwanza walizimaliza chini ya dakika 30, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuachwa. Alimaliza kwa saa 2:06:32, karibu dakika tatu bora kuliko rekodi ya Olimpiki iliyokuwa imesimama tangu 1984. Alikuwa na miaka 21. Kabla yake, hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Rekodi yenyewe ilidumu miaka 16, hadi Paris 2024.

Mwaka wa 2009 alishinda London kwa 2:05:10, akashinda na Chicago. Mpaka hapo unaona mtu asiyejua breki: bunduki ikilia, anatimka.

Sasa ndipo goti linapoingia. Aprili 2010 alirudi London kutetea taji lake. Alikuwa bingwa wa Olimpiki, kamera zote zikimfuata. Njiani goti likakataa. Na yeye, mtu aliyefunzwa kuvumilia, akafanya jambo ambalo wakimbiaji wengi hatuliwezi. Aliacha mbio. Akatoka barabarani, na Tsegaye Kebede wa Ethiopia akashinda.

Hapo pafikirie kidogo. Sisi wengine goti linauma kilomita ya 8, na bado tunalivuta hadi ya 21 kwa sababu ya medali ya kila mtu na picha ya kuweka kwenye simu. Wanjiru alikuwa anapoteza taji, pesa nyingi na jina. Lakini alijua tofauti ya vitu viwili tunavyovichanganya sana: kuchoka na kuumia. Uchovu unavumiliwa. Maumivu makali mahali pamoja, yanayozidi kila unapokanyaga, hayavumiliwi. Hayo ni taarifa, na taarifa hujibiwa.

Miezi mitano na nusu baadaye, Oktoba 10, 2010, alikuwa Chicago. Hakuwa katika hali yake bora. Mbali na goti, wiki chache kabla tumbo lilikuwa limemsumbua. Na mpinzani alikuwa yuleyule Kebede, wakigombania pia zawadi ya dola nusu milioni ya mfululizo wa marathoni kubwa za dunia.

Kama una bando, itafute video ya kilomita za mwisho uitazame. Kebede anachomoka, Wanjiru anaachwa. Unasema basi, amekwisha. Anarudi taratibu, anamfikia. Kebede anachomoka tena, pengo linafunguka tena, na Wanjiru anarudi tena. Wakiwa karibu na mwisho, kwenye kile kilima kifupi cha Roosevelt, Wanjiru analipuka mara moja tu, na Kebede hana jibu. Akashinda kwa 2:06:24, sekunde 19 mbele.

Je, umeona alichokifanya? Yule kijana wa Beijing aliyewachosha wenzake tangu mwanzo hakuwepo Chicago. Mwili haukumruhusu. Aliyekuwepo ni mtu aliyejua ana nguvu kiasi gani siku hiyo, akazitumia kidogo kidogo, akaweka akiba ya mita za mwisho. Hiyo nayo ni gaman, lakini gaman yenye akili. Na ilianzia siku alipokubali kusimama London.

Natamani hadithi iishie hapo. Haiishii hapo.

Utajiri na umaarufu vilimjia akiwa mdogo sana. Nyumbani Nyahururu mambo hayakuwa shwari, na magazeti yaliandika kuhusu pombe na ugomvi wa ndoa. Desemba 2010, miezi miwili na kitu baada ya Chicago, alikamatwa na kufikishwa kortini, akayakana mashtaka. Januari 2011 akapata ajali ya gari. Usiku wa Mei 15, 2011, alianguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake, akafariki. Alikuwa na miaka 24. Maswali kuhusu namna alivyoanguka yaliendelea kwa miaka mingi, na si kazi yangu kuyajibu hapa.

Ninachotaka ukione ni hiki. Goti lilipouma, kulikuwa na kocha, meneja, daktari na ratiba ya kulirudisha. Watu wote walikubali kwamba goti la bingwa linaweza kuumia. Lakini ukiwa na dhiki ya moyoni, unaambiwa uvumilie. Wewe mwenyewe unajua, mtaani kijana akisema amelemewa anachekwa. Kuvumilia bila kulalamika kunakufikisha juu ya kilima. Hakukufikishi mbali kama kuna kitu kimevunjika ndani na umekinyamazia.

Sasa turudi kwa goti lako. Embu na Meru kuna hospitali za rufaa. Nenda uulizie mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya siku ya mbio, usisubiri baada yake. Imarisha mapaja. Ongeza umbali kidogo kidogo, na mabonde yaache mwisho kabisa, uanze na sehemu tambarare. Ukishuka, fupisha hatua. Siku ya mbio ikifika, anza kama Wanjiru wa Chicago, usianze kama Wanjiru wa Beijing. Waache wakupite. Ukiwa na nguvu kilomita ya 18, wengi wao utawakuta.

Na goti likikataa, toka barabarani. Panda matatu urudi nyumbani, ule chakula chako, ulale. Mbio nyingine zipo. Kisha mpigie simu rafiki yako mmoja, yule ambaye siku hizi amekuwa kimya sana, umuulize anaendeleaje. Akikujibu kwamba yuko sawa, usikate simu haraka.