Siti binti Saad na Taswira ya Mwanamke katika Fasihi Yetu



Sisi tunaosoma falsafa hapa Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, tumezoea kuambiwa kwamba kabla ya kutafuta jibu ni lazima kwanza tulielewe swali. Swali letu katika makala hii ni hili: mwanamke anachorwaje katika vitabu na filamu ambazo tumezipokea kama urithi, na ni nani aliyeshika kalamu wakati anachorwa? Tungeweza kulijibu kwa nadharia. Tumeona afadhali tulijibu kwa kusimulia maisha ya mwanamke mmoja ambaye Watanzania wengi wanalijua jina lake, lakini wachache wanajua alipitia nini: Siti binti Saad wa Zanzibar.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la seminari liandike habari za Mwislamu aliyeimba taarabu. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, Kanisa limetufundisha kutokataa chochote kilicho cha kweli na kitakatifu kwa wenzetu. Tena hapa Nkoaranga tunaishi kati ya majirani ambao wengi wao ni Walutheri, nasi tumekwisha kuona kwamba wema haupimwi kwa mlango wa ibada ambao mtu anaingilia.

Picha tulizozikuta

Tuanze na vitabu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliyekuwa mgonjwa na akijua kwamba siku zake si nyingi, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Ni moja ya kazi kuu za Kiswahili, na aliyeitunga ni mwanamke. Hata hivyo, mwanamke anayechorwa ndani yake, pamoja na kumcha Mungu, anapimwa zaidi kwa namna anavyomtunza na kumridhisha mumewe. Karibu miaka mia moja baadaye tunakutana na Shaaban Robert. Katika Kusadikika, wajumbe sita wanaotumwa kutafuta mema ya nchi ni wanaume wote. Katika Adili na Nduguze, uzuri wa Mwelekevu unakuwa chanzo cha ndugu wawili kumtupa ndugu yao baharini.

Filamu nazo hatuna haja ya kuzifuata mbali. Upande wa pili wa mlima wetu, huko Momella, Wamarekani walipiga picha za filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Mwanamke mkuu katika filamu hiyo ni mpigapicha, mtu mwenye kazi yake. Lakini kadiri hadithi inavyoendelea, kazi hiyo inasahaulika, na linalobaki ni kama atampata mwanamume anayempenda, huku akilea watoto wa tembo. Wanawake weusi wa nchi hii wamo humo kama sehemu ya mandhari tu, sawa na miti na vilima.

Hatusemi kwamba kazi hizi ni mbaya. Tunasema kwamba katika kila moja, ili tumwelewe mwanamke, tunaelekezwa tumtazame mwanamume aliye kando yake. Siti anatufaa kwa sababu hiyo. Maisha yake hayaelezeki kwa njia hiyo.

Jina alilopewa

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Wote wawili walitoka katika ukoo wa watu walioletwa kisiwani na utumwa. Mtoto wao akaitwa Mtumwa.

Tutue kidogo kwenye jina hilo. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897. Hata amri ya mwaka huo haikuwagusa masuria, yaani wanawake waliomilikiwa na mabwana kama wake wasio na nikahi. Hao walisubiri hadi mwaka 1909. Kwa maneno mengine, sheria ilipofungua mlango wa uhuru, wanawake hao waliachwa nyuma miaka kumi na miwili. Msichana huyu alikua katika miaka hiyo, akiitwa kila siku kwa jina lililomkumbusha hali ambayo jamii ilimwekea.

Sisi Wakatoliki tunakumbuka mtu mwingine wa zama hizo hizo, Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudani, aliyezaliwa yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, na kupewa na watekaji wake jina lenye maana ya mwenye bahati. Wote wawili waliitwa kama walivyotaka wengine. Bakhita alipata jina jipya katika Ubatizo. Mtumwa alilipata kwa kazi ya koo lake, maana alipokwisha kusifika kwa uimbaji, watu walianza kumwita Siti, jina la heshima lenye maana ya bibi mkubwa. Kumbukumbu inatunza jina hilo.

Vyungu na sauti

Wazazi wake walikuwa wakulima na wafinyanzi. Yeye naye alijifunza kufinyanga vyungu, kuvichoma, na kuvipeleka mjini kuviuza. Kutoka Fumba hadi mjini si mwendo wa karibu kwa mtu mwenye mzigo kichwani. Alinadi vyungu vyake kwa sauti, na inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti hiyo kabla hawajamwona mwenyewe.

Kila siku ya soko tunawaona akina mama wa Kimeru wakiteremka kwenda Tengeru na ndizi, maparachichi na mboga. Tunawapita. Pengine tunawaamkia, pengine hatuwaamkii kwa haraka zetu. Kisa cha Siti kinatufundisha kwamba mchuuzi aliye kando ya njia ana zaidi ya kile alichobeba.

Yapata mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyekitambua kipaji chake na kumfundisha. Siti hakuwa na elimu ya shule. Alijifunza kusoma Kurani kwa mahadhi, kutamka Kiarabu sawasawa, na kuimba pamoja na vyombo. Wakati ule taarabu, iliyoletwa Zanzibar kutoka Misri zama za Sultani Barghash, ilikuwa starehe ya jumba la mfalme na ya vikundi vya wanaume kama Nadi Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti aliingia katika ukumbi ambao haukujengwa kwa ajili yake, akaimba kwa Kiswahili. Aliimba mbele ya watawala na matajiri, na aliimba pia kule Ng'ambo, mtaa wa mafundi, wapagazi na watu waliotoka utumwani. Pamoja naye walikuwapo wapigaji kama Subeti bin Ambari na Maalim Shaaban. Waliimba habari za mtaani: mapenzi, dhuluma, wala rushwa, kesi za mahakamani.

Mwaka 1928 alisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zake. Ndizo zilizomfanya kuwa mwimbaji wa kwanza mwanamke wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri. Sahani hizo ziliuzwa kwa wingi mno kuliko wenye biashara walivyotazamia, na katika mikahawa ya pwani watu walikusanyika kuzisikiliza kwenye gramafoni. Mfinyanzi wa Fumba akawa anasikika Mombasa, Dar es Salaam na Tanga bila yeye mwenyewe kuwapo.

Walipomcheka sura

Umaarufu ulimletea maadui. Wapinzani wake hawakuweza kuikosoa sauti, basi walishika sura na asili. Waliimba kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki, kwamba hana uzuri, na kwamba kama si sauti asingekuwa mtu wa kutajwa. Hii ndiyo silaha ya kale kuliko zote dhidi ya mwanamke: akifanya kazi njema, acheni kazi, zungumzieni uso.

Siti alijibu kwa wimbo. Hoja yake ilikuwa kwamba sura si kitu cha kumpimia mtu, kwamba kilicho bora kwa binadamu ni akili na tabia. Sisi tunaosoma Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino tunajifunza kutofautisha kiini cha kitu na sifa za nje zinazokuja na kuondoka. Siti hakuwasoma hao, lakini tofauti hiyo aliijua, na aliieleza kwa watu ambao hawangesoma kitabu cha falsafa maisha yao yote.

Wimbo wa Kijiti

Kati ya nyimbo zake, uliotufanya tuandike makala hii ni wimbo unaojulikana kwa jina la Kijiti. Unasimulia tukio la mauaji. Mwanamke mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam, tena mjamzito, alikaribishwa kwenda matembezini na ngomani. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamuua, kisha akavuka bahari na kukimbilia bara. Wenzake marehemu, wanawake waliokuja kutoa ushahidi, ndio walioadhibiwa, kwa sababu walikuwa wamenunua pombe kwa ajili ya matembezi yale. Muuaji hakushikwa. Mashahidi walifungwa.

Msomaji anayeijua Biblia atamkumbuka Susana katika sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli. Wazee wawili waliokuwa waamuzi walimsingizia, na watu wakawaamini kwa sababu ya umri na cheo chao, mpaka kijana Danieli aliposimama akataka wahojiwe mmoja mmoja. Atakumbuka pia sura ya 8 ya Injili ya Yohane, ambapo mwanamke analetwa peke yake kwa kosa lisiloweza kutendwa na mtu mmoja. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1988 kuhusu hadhi ya mwanamke, aliona jambo hilo hilo: mwanamke anaachwa peke yake mbele ya macho ya watu, na nyuma ya kosa lake kuna mwanamume aliyejificha.

Katika kesi ya Kijiti hakusimama Danieli. Hukumu ilipita, na jalada likafungwa. Lililobaki ni wimbo. Siti aliwaweka katika kumbukumbu marehemu na mashahidi wake, akamtaja mwuaji kwa jina, na wimbo ukaendelea kuimbwa kizazi baada ya kizazi. Bi Kidude, aliyejifunza kwake na kufariki mwaka 2013, aliuimba pia. Hapa mwanamke si pambo la hadithi. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, yeye ndiye shahidi, na yeye ndiye msimulizi.

Kitabu cha Shaaban Robert

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikutana naye mwishoni mwa maisha yake, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa mwaka 1958. Yule yule aliyewatuma wajumbe sita wanaume huko Kusadikika ndiye aliyeona kwamba maisha ya mwanamke mfinyanzi yanastahili kitabu kizima. Tunamheshimu kwa hilo. Kwa miaka mingi kitabu hicho kimesomwa na wanafunzi wetu, na wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti.

Lakini Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili, na kila alichoandika alikitafutia funzo. Anayemjua Siti kwa kitabu tu atamjua kama kielelezo cha juhudi na subira. Ni kweli, alikuwa hivyo. Anayesikiliza nyimbo atamjua pia kama mtu aliyekasirika mahali panapostahili hasira. Picha ya mwanamke mvumilivu tunaipenda, kwa sababu haitudai chochote. Picha ya mwanamke anayetoa ushahidi inatudai tumsikilize.

Neno kwetu

Ndugu zetu mafrateri, Mungu akipenda, baadhi yetu tutakuwa mapadre. Akina mama watakuja ofisini kwetu parokiani wakiwa na habari za kipigo, za kunyang'anywa shamba la urithi, za binti aliyeharibiwa na jirani mwenye heshima zake. Mara nyingi mwanamume husika hatakuwapo. Atakuwa amevuka bahari yake. Na baadhi ya watu watatuuliza mwanamke huyo alikuwa amevaa nini, alikuwa wapi usiku, na nani alinunua pombe.

Siku hiyo tutajibu kwa kutumia picha tulizozibeba kichwani, na picha hizo zinatengenezwa sasa, katika vitabu tunavyosoma na filamu tunazotazama jioni ya Jumamosi. Kwa hiyo tusome kwa macho. Tukikuta mwanamke katika hadithi, tuulize: ana kazi gani? Anasema nini kwa kinywa chake? Akidhulumiwa, nani anaulizwa maswali? Hadithi isiyoweza kujibu tunaweza bado kuifurahia, lakini tusiiruhusu itufundishe namna ya kuwatazama mama zetu na dada zetu.

Siti binti Saad alipewa jina la mtumwa, akadharauliwa sura, na hakuwahi kuketi darasani. Aliwasemea waliofungwa kwa kusema kweli. Tumwombe Mungu atujalie sisi, tuliopewa miaka mingi ya masomo, tusifanye pungufu ya hapo.

Tumsifu Yesu Kristo.