Marehemu Seroney na Neno "Kuthibitisha"

Katika chuo nilichosomea Kurani utotoni, mwalimu wetu ndiye aliyekuwa kadhi wetu pia. Tulipogombana alituketisha mbele yake juu ya jamvi, akaanza kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fikihi huisikia mapema: mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi. Siku moja mtoto mmoja alishtaki kwamba mwenziwe kammwagia kidau chake cha wino. Mshtakiwa, ambaye alikuwa hodari wa maneno, akasimama akataka mashahidi. Mwalimu hakusema kitu. Aliitazama tu kanzu ya yule mtoto, iliyokuwa imelowa wino kutoka kifuani hadi pindoni, nasi sote tukaitazama, na kesi ikaisha pale pale.

Kisa hicho hunijia kila nikisoma habari za marehemu Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu wa Spika wa Bunge letu, ambaye mwezi wa Oktoba 1975 alitoa uamuzi wa sentensi moja, na sentensi hiyo ikamtoa katika kiti cha Bunge ikamtia kizuizini. Wengi wanaoukumbuka uamuzi ule huuchukua kama mzaha wa mtu mwenye ulimi mkali. Mimi sioni hivyo. Naona ulikuwa uamuzi wa sheria, tena sheria safi, na leo ningependa kueleza kwa nini.

Seroney alizaliwa mwaka 1925 upande wa Kapsabet katika nchi ya Wanandi, mtoto wa mchungaji wa kanisa, Reuben Seroney. Alisoma Alliance, akenda Makerere, kisha akavuka bahari kwenda Allahabad huko India (safari ambayo sisi watu wa Mwambao hatuihesabu kuwa ya ugenini), halafu Uingereza, akarudi nyumbani mwanasheria. Alikuwa miongoni mwa Wakalenjin wa kwanza kabisa kuvaa joho la uwakili. Nalitaja joho hilo kwa sababu hakulivua maisha yake yote. Hata alipokuwa katika siasa alisema kama mtu aliye mbele ya hakimu, akipima kila neno kabla ya kulitoa.

Katika miaka ya kugombania uhuru alikuwa mfuasi wa KADU, chama kilichoongozwa na Ronald Ngala, mwana wetu wa Pwani, na alikuwamo katika ujumbe wa chama hicho uliokwenda kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962. Uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, Ngala alikuwa kiongozi wa upinzani Bungeni, na KADU ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kuiuliza serikali. Hayo hayakudumu. Mwezi wa Novemba 1964 KADU ilivunjwa, na Ngala na wenziwe wakavuka upande wa pili kujiunga na KANU. Seroney naye alivuka. Chama kingine cha upinzani, KPU, kilianza mwaka 1966 na kikapigwa marufuku Oktoba 1969. Baada ya hapo Bunge zima likawa la chama kimoja.

Basi ni nani atakayemwuliza waziri?

Nieleze kidogo kazi hii ya kuuliza, maana wengi huisikia wasiijue ilivyo. Siku zile mbunge aliandika swali lake akalipeleka kwa Karani wa Bunge. Likikubaliwa kuwa limefuata kanuni, lilipewa nambari na kuchapwa katika orodha ya shughuli za siku. Waziri alipewa muda wa kujitayarisha. Maofisa wa wizara walimwandikia jibu, naye akaja nalo akalisoma. Jibu hilo la kwanza aghalabu halina chumvi: serikali inalifahamu jambo hilo, serikali inalishughulikia, fedha zikipatikana litatimizwa. Chumvi iko katika maswali ya nyongeza. Hapo mbunge husimama tena akataka kujua barabara iliyotengewa pesa katika bajeti ya Juni imefika maili ngapi, au dawa za zahanati fulani zimenunuliwa kwa nani na kwa kiasi gani, na waziri hana tena karatasi ya kusoma. Hapo ndipo unapomjua waziri aliyeisoma wizara yake na waziri anayeibeba tu.

Ni kweli kwamba yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na iko Kamati ya Hesabu za Umma ambayo huwaita makatibu wa wizara kueleza matumizi. Lakini ripoti za ukaguzi hufika baada ya mwaka kupita, na pengine miaka, pesa zikiwa zimekwisha kwenda zilikokwenda. Swali la Bungeni laweza kuikuta pesa ingali njiani. Kwa hiyo wenye madaraka hulichukia kuliko ripoti.

Upinzani ulipokwisha, kazi hii ilishikwa na wabunge wa viti vya nyuma wa KANU yenyewe. Alikuwako J. M. Kariuki, ambaye hata alipokuwa waziri msaidizi hakunyamaza juu ya ardhi na maskini. Alikuwako Martin Shikuku wa Butere, mtu asiyechoka kusimama. Baadaye walikuja George Anyona na Bibi Chelagat Mutai. Na alikuwako Seroney, mbunge wa Tinderet, ambaye wenziwe walimtegemea kwa kuwa alizijua Kanuni za Bunge kama hafidhi ajuavyo msahafu.

Silaha kubwa ya upande wa serikali dhidi ya watu hawa lilikuwa neno moja: kuthibitisha. Mbunge akitamka jambo lenye kumtia mtu doa, mwingine aliweza kusimama kwa hoja ya nidhamu akataka alithibitishe. Asipoweza, ilimpasa ayaondoe maneno yake na kuomba radhi, la sivyo atolewe nje. Kanuni yenyewe ni ya haki. Bila ya kanuni hiyo Bunge lingekuwa baraza la masengenyo. Neno lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, na mzizi wake ni kusimama imara pasi na kuyumba. Lakini hebu fikiri, msomaji. Mikataba imo kabatini mwa wizara. Hati za malipo ziko Hazina. Mafaili yamepigwa muhuri wa siri. Mbunge wa nyuma ana nini mkononi? Ana macho yake na malalamiko ya watu waliomchagua. Anayeudai ushahidi ndiye huyo huyo aliyeufungia, na ufunguo umo mfukoni mwake. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike Bungeni, wazee wetu wa Pwani walifurahi sana. Nadhani hata waheshimiwa ambao ngeli ziliwatoa jasho hawakukawia kujifunza kutamka "thibitisha".

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, sina budi kutaja jambo ambalo wanaomsifu Seroney hupenda kuliruka. Mwezi wa Julai 1969, katika mkutano wa Nandi Hills, alitangaza azimio la kudai kwamba mashamba makubwa ya wilaya ile, yaliyochukuliwa na walowezi, ni mali ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia na kutozwa faini. Mimi ni mtu wa Pwani, na uchungu wa ardhi iliyopotea naujua, kwa kuwa kwetu ziko familia zinazoishi kama maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Hata hivyo, siwezi kulisoma azimio lile bila ya kukumbuka damu iliyomwagika katika Bonde la Ufa mwaka 1992, na tena mwaka 2008, kwa ajili ya nani mwenyeji na nani mgeni. Seroney hakuyataka hayo, wala hakuyaishi. Lakini swali alilolifungua mwaka 1969 lilikuwa na ncha mbili, na si vyema kuificha moja.

Twende sasa mwaka 1975. Tarehe 2 Machi J. M. Kariuki alitoweka Nairobi. Wabunge walipouliza yuko wapi, upande wa serikali uliwajibu kwamba inaaminika yuko Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umelala mochari ya Nairobi, baada ya kuokotwa katika vilima vya Ngong. Sijui jibu jingine la Bungeni lililoumiza imani ya watu kama hilo. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Elijah Mwangale kuchunguza mauaji hayo, na ripoti yake ilipoletwa mwezi wa Juni, serikali ilitaka ipokewe tu, isiidhinishwe. Kura zilipohesabiwa serikali ilishindwa, 59 kwa 62. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen, walikuwa wamepiga kura pamoja na wabunge wa nyuma. Wote watatu walifutwa kazi mara moja.

Katika mwaka huo huo wa 1975, mwanzoni mwake, wabunge walikuwa wamemchagua Seroney awe Naibu wa Spika, ingawa serikali haikumtaka. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiuliza sasa alikaa katika kiti cha kuamua nani aulize, nani ajibu, na nani athibitishe.

Tarehe 9 Oktoba alikuwa kitini. Shikuku alikuwa akizungumza, na katika maneno yake akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukalipuka. Mmoja akasimama kwa hoja ya nidhamu, akataka Shikuku athibitishe kwamba KANU imekufa. Ilikuwa zamu ya Naibu wa Spika kusema. Seroney akaamua kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi.

Tuupime uamuzi huo kama mwalimu wangu angeupima. Je, alifuta kanuni ya ushahidi? Hasha. Aliiweka mahali pake. Ushahidi huletwa kufichua lililofichika. Lile ambalo kila mtu katika chumba analiona kwa macho yake, halihitaji shahidi wa kusimama na kuapa. Na hali ya KANU wakati ule ilikuwa ya kuonekana kwa macho: chama kilikuwa kimepitisha miaka mingi bila ya uchaguzi wa viongozi wake, na ofisi zake nyingi zilikuwa jina tu. Seroney hakusema kwamba KANU ni mbaya. Alichosema ni kwamba Bunge lisijifanye kipofu ili mbunge mmoja anyamazishwe. Neno kuthibitisha aliliondolea kufuli. Kama uamuzi ule ungalisimama ukafuatwa, waziri asingeweza tena kumjibu mbunge anayeuliza habari za barabara isiyokuwako kwa kumtaka alete karatasi ya kuonyesha kwamba haiko.

Lakini haukupata wakati wa kufuatwa. Tarehe 15 Oktoba, siku sita baadaye, askari wa polisi waliingia katika majengo ya Bunge yenyewe wakawakamata Shikuku na Seroney. Hawakupelekwa mahakamani. Hawakusomewa mashtaka. Waliwekwa kizuizini kwa sheria ya usalama wa taifa. Ukiangalia kwa jicho la mwanasheria, serikali iliyodai kwa nguvu mwingine athibitishe haikuthibitisha lolote juu ya watu wale wawili mbele ya hakimu yeyote, mpaka walipotoka.

Mara baada ya hapo Mzee Kenyatta aliwatolea wabunge mfano wa mwewe aliyeko juu angani, tayari kuwashukia vifaranga wanaotangatanga. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na sina budi kukiri kwamba mfano ulikuwa mzuri. Ulieleweka pia. Maswali makali yalipungua Bungeni, na waliozidi kuuliza walilipa. Anyona alikamatwa mwaka 1977, naye katika majengo hayo hayo ya Bunge.

Seroney alikaa kizuizini miaka mitatu na zaidi. Shirika la Amnesty International lilimhesabu kuwa mfungwa wa dhamiri. Kenyatta alifariki Agosti 1978, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Rais Moi aliwafungulia wafungwa wa siasa, Seroney na Shikuku wakiwamo.

Kumwuliza waziri kumepita njia nyingi tangu siku zile. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri katika Bunge, na kwa miaka kadhaa maswali yakawa yanajibiwa katika vyumba vya kamati, hadi mwaka 2023 walipoanza kuitwa tena kusimama mbele ya Bunge zima. Nimewatazama kwenye televisheni. Karatasi bado zinasomwa. Swali la nyongeza likija, bado uso ndio unaotangulia kujibu. Ila leo mbunge aliyeuliza hurudi nyumbani kwake jioni, na hilo si dogo kwa mwenye kukumbuka 1975.

Katika uchaguzi wa 1979 Seroney aligombea tena Tinderet, akashindwa na kijana Henry Kosgey. Mwezi wa Juni 1982 Katiba ilibadilishwa kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na chama chenyewe kikawa KANU, ile ile aliyoitolea uamuzi. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo. Shikuku, aliyeyatamka maneno yale, alirudi Bungeni mwaka 1979 na akaishi hadi 2012. Seroney, aliyeyaamua, hakukikalia tena kile kiti.