Mama Barbro, Mswidi wa ng'ambo ya ziwa

Uko pale Dunga, Kisumu, unaota kwenda Sweden kucheza mpira wa mikono na kuonja maisha ya Waswidi? Basi msikie huyu aliyepiga safari kinyume chako. Barbro Johansson, mzaliwa wa Malmö mwaka 1912, alifika Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, 1946. Akajifunza Kiswahili, akaongoza shule ya wasichana Kashasha wakati wazazi wengi walitanguliza wavulana. Mwaka 1959 akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, TANU ikimuunga mkono. Baadaye akachukua uraia kabisa. Alifariki 1999, watu wakimwita Mama Barbro. Wewe nawe ukifika kwao, usibaki mgeni tu. Shika lugha, shika kazi.