Mary Ainsworth na watoto 28 wa vijiji vya Kampala

Mwaka 1954 Buganda ilikuwa na hasira. Miezi michache nyuma, Novemba 1953, gavana wa Kiingereza Andrew Cohen alikuwa amemwondoa Kabaka Mutesa II na kumpeleka uhamishoni London, na vijijini Mzungu hakupokelewa kwa moyo mweupe kama zamani. Ni katika mwaka huo mwanamke mmoja wa miaka 40, aliyekulia Canada, alianza kuzunguka vijiji vya pembezoni mwa Kampala akiwa na mkalimani na daftari. Hakuwa na dini ya kuhubiri wala kodi ya kukusanya. Alichoomba ni kuketi nyumbani kwa watu amtazame mama na mtoto wake mchanga.

Jina lake Mary Ainsworth. Leo hakuna chuo kinachofundisha malezi ya watoto wadogo, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Tokyo, kinachoweza kumaliza somo bila kumtaja. Wasiojulikana sana ni akina mama wa Buganda waliompa elimu hiyo.

Alizaliwa Desemba 1, 1913 huko Glendale, Ohio, Marekani, akiitwa Mary Salter. Akiwa na miaka kama mitano familia ilihamia Toronto. Alipokuwa na miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall na akaamua hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Chuo Kikuu cha Toronto kilimpa shahada zote tatu, ya mwisho mwaka 1939. Mwalimu wake, William Blatz, alikuwa akifundisha kwamba mtoto huwa na ujasiri wa kuikabili dunia akijua yuko mtu wa kumrudia mambo yakimzidi. Wazo hilo halikumtoka. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliingia katika jeshi la wanawake la Canada, akafikia cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London ili mume amalize masomo. Mary hakuwa na kazi. Aliona tangazo gazetini la nafasi ya utafiti katika kliniki ya Tavistock, akaomba, akajikuta akifanya kazi chini ya daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza watoto waliotenganishwa na mama zao. Wakati huo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto aliyelazwa kwa saa chache tu kwa wiki, nyingine hata pungufu. Wauguzi waliamini mtoto aliyenyamaza baada ya siku kadhaa amezoea. Mwenzao James Robertson, aliyekaa wodini akitazama na kuandika, alionyesha kwamba mtoto huyo hajazoea, amekata tamaa. Mary alivutiwa na namna Robertson alivyofanya kazi: hana mashine wala maabara, ana macho na subira.

Leonard alipopata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere, Mary alimfuata bila kazi ya kwake. Mkurugenzi wa taasisi alimtafutia fedha kidogo za utafiti, naye akachagua swali lililokuwa likimsumbua tangu London.

Alikuwa amesikia kwamba kwa desturi ya Waganda, mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa jjajja yake kwa muda ili asahau titi. Alitaka kuona kutengana huko kunamfanyia nini mtoto. Akajifunza Luganda kiasi, akapata familia 26 zenye watoto wachanga 28, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila mara, kwa muda wa miezi tisa. Alikwenda mchana baada ya kazi za shamba, wakati mama anapopumzika na kupokea wageni. Hakuwalipa fedha, aliwasaidia kwa njia nyingine, kama kuwapeleka na mtoto kliniki kwa gari lake.

Swali lake likafa mapema. Wachache tu kati ya wale watoto walipelekwa kwa jjajja. Wengi waliachishwa ziwa wakiwa papo hapo nyumbani. Mtafiti mwingine angefunga daftari na kurudi mjini. Yeye aliendelea kuketi, akaanza kuona jambo ambalo hakuwa amelifuata.

Huko Ulaya na Marekani wataalamu wengi walishikilia kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ndiye anayemlisha. Tena tangu John Watson alipochapisha kitabu chake cha malezi mwaka 1928, wazazi walionywa wasimbembeleze mtoto kupita kiasi wala kumpakata ovyo, wasije wakamwharibu. Watoto wa Buganda hawakufanana na nadharia hiyo. Mtoto alikuwa na kazi zake. Alimfuata mama kwa macho, kisha kwa magoti. Mama akisimama kutoka chumbani, alilia au alimwandama. Akirudi, alimpokea kwa tabasamu, kwa kumnyooshea mikono, wengine kwa kupiga makofi. Na mama akiwepo, ndipo mtoto alipothubutu kwenda mbali: anatambaa, anashika kitu, anakitia mdomoni, anakigeuza, anageuka kuangalia kama mama yupo, anaendelea. Mama alikuwa kituo. Mtoto hutoka hapo kwenda kuijua dunia kwa mikono, macho na ulimi, na hapo hapo hurudi akishtuka.

Hapa ndipo Ainsworth alipokubaliana na Bowlby, ambaye huko London alikuwa amemtilia shaka alipoanza kulinganisha watoto na vifaranga wanaomfuata mama.

Alipowapanga wale 28, 16 walikuwa watulivu na wenye kuamini, 7 walikuwa wa kulialia hata wakiwa mikononi mwa mama, na 5 walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na watu wengine. Kisha akatafuta sababu. Kuwa na walezi wengi, shangazi, dada au bibi, hakukuhusiana na mtoto kukosa utulivu. Muda na matunzo aliyotoa mama mwenyewe ulihesabika. Wale watano walikuwa wa akina mama waliowaacha kwa muda mrefu na ambao hata wakiwepo hawakuwaitikia sana. Lakini kipimo kilichomshangaza kilikuwa mazungumzo yenyewe. Mama wa mtoto mtulivu hakuhitaji kuulizwa. Alieleza mwenyewe mtoto analala vipi, anacheka na nani, kilio cha njaa kikoje na cha usingizi kikoje. Muuzaji wa sokoni atalielewa hili haraka: anayeijua bidhaa yake hahitaji kubembelezwa aieleze.

Mwishoni mwa 1955 walihamia Baltimore, Marekani. Mambo hayakuwa mepesi. Ndoa ilivunjika mwaka 1960, na Mary, aliyetamani watoto, hakujaliwa kupata. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikofundisha, kilimlipa chini ya wanaume wa kiwango chake mpaka alipodai, na ukumbi wa chakula wa walimu wa kiume haukuwa wa wanawake. Madaftari ya Kampala yalikaa miaka. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Kabla ya hapo, mwaka 1963, alianza kurudia kazi ile ile Baltimore, kwa familia 26 tena, safari hii saa nne kila ziara, mpaka kufikia saa zipatazo 72 kwa kila familia. Tatizo likajitokeza: mtoto wa Baltimore hakushtuka mama akitoka chumbani, maana alizoea kumwona akiingia na kutoka kutwa. Wa Buganda alizoea kuwa na mtu kila wakati. Basi akabuni jaribio la dakika kama 20 katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea: mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi.

Wengi hudhani jaribio lile linapima kilio mama anapoondoka. Linaangalia zaidi anaporudi. Mtoto mwenye imani na mama humkimbilia, hutulia, kisha hurudi kuchezea vitu vyake. Mwingine hung'ang'ania na wakati huo huo anamsukuma mama kwa hasira. Mwingine hageuki kabisa, anaendelea na mchezo kana kwamba aliyeingia ni jirani. Watafiti waliofuata walipima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo ya mwisho, wakakuta yanakwenda mbio.

Nadhani wasomaji wa Busia, Malaba, Mutukula na Namanga wameshawaona watoto hao wote watatu. Mama ameondoka na mzigo Jumatatu, amerudi Alhamisi usiku na mkate na ndala mpya, na mtoto wa mwaka mmoja anageuza uso kwa dada wa kazi. Wengi huumia, wengine hucheka na kusema amenisahau. Kwa kazi ya Ainsworth, huyo hajamsahau mtu, na jibu si zawadi. Alichokiona kikifanya kazi ni kitu kisicho na bei: kumsubiri mtoto asogee mwenyewe, kumpakata anapotaka kupakatwa na kumwachia anapotaka kushuka, kuitikia kilio kabla hakijawa ghadhabu. Mwaka 1972 yeye na mwanafunzi wake Silvia Bell walitangaza kwamba watoto walioitikiwa haraka walipolia katika miezi ya kwanza walilia kidogo kuliko wenzao walipokaribia mwaka. Waliozoea ushauri wa Watson hawakufurahi, na ubishi uliendelea miaka.

Alipingwa pia kwa hoja nzito zaidi. Robert LeVine, aliyefanya utafiti kwa Wakisii wa Kenya, alisema kipimo kilichotengenezwa Baltimore hakiwezi kuwa mizani ya akina mama wote. Mkisii humtuliza mtoto upesi sana lakini hamsemeshi kutwa, na mtoto hukua salama mgongoni mwa dada yake mkubwa. Kwa maoni yangu LeVine ana haki juu ya kile chumba cha Baltimore. Juu ya madaftari ya Kampala sina hakika, kwa kuwa humo walezi wengi hawakuhesabiwa kuwa kasoro.

Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia miaka ya 1970, akastaafu mwaka 1984, akafariki Charlottesville Machi 21, 1999 akiwa na miaka 85. Wale watoto 28, walio hai kati yao, sasa wamepita miaka 70. Huenda wapo ambao leo ni majjajja, na asubuhi hii wameachiwa mjukuu na mtu aliyewahi basi la mpakani.