Hans Krebs, aliyefuatilia chakula hadi ndani ya seli

Ukila ugali asubuhi kisha ukashika jembe, nguvu ya kulima inatoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu tuliipata kwa Hans Krebs, daktari aliyezaliwa Hildesheim, Ujerumani, mwaka 1900.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliwaondoa Wayahudi kazini. Krebs, mwenye asili ya Kiyahudi, alifukuzwa hospitalini Freiburg, akakimbilia Uingereza.

Huko Sheffield alisagasaga nyama ya kifua cha njiwa. Ndiyo misuli ya kurukia, nayo hutumia oksijeni nyingi. Akaongeza asidi mbalimbali, ikiwemo ile inayolifanya limau liwe chachu, akipima oksijeni iliyotumika. Aliona kwamba chakula kikishavunjwavunjwa huingia kwenye mzunguko: asidi moja hugeuka nyingine, hiyo nayo hugeuka tena, nishati ikivunwa na hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua ikibaki kama takataka. Mwishowe asidi ya mwanzo huundwa upya, na kazi huanza tena. Baadaye wengine walionyesha kuwa haya hutokea ndani ya mitokondria, vijumba vidogo sana vilivyomo kwenye seli.

Jarida la Nature halikuichapisha barua yake ya 1937. Lilikuwa na foleni ya barua. Ikachapishwa Uholanzi. Mwaka 1953 kazi hiyohiyo ilimpa Tuzo ya Nobel, pamoja na Fritz Lipmann. Alifariki Oxford mwaka 1981.