Florence Nightingale na Nyumba za Wagonjwa

Je, umepata kuingia katika wodi ya hospitali au ya kituo cha afya? Bila shaka uliona madirisha mapana yanayoelekeana, na vitanda vilivyoachiana nafasi. Fundi hakuyapanga hayo kwa urembo. Sasa utasoma habari za mwanamke aliyeonyesha kwa hesabu kwamba nyumba ya wagonjwa, ikijengwa vibaya, huweza kuua.

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, nchini Italia. Wazazi wake, Waingereza wenye mali, walimpa jina la mji huo. Alipenda hesabu tangu ujana wake. Alipotaka kuwa muuguzi wazazi walikataa, kwa kuwa kazi hiyo ilidharauliwa siku zile. Hata hivyo alishikilia nia yake, na mwaka 1851 alikwenda Ujerumani kujifunza.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani pamoja na Uturuki dhidi ya Urusi. Askari wa Kiingereza walioumia au kuugua walipelekwa Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Bibi Nightingale aliwasili huko Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38.

Hospitali aliyoikuta ilikuwa kambi ya askari iliyogeuzwa kuwa hospitali. Wagonjwa walibanana, wengine wamelala sakafuni. Hewa haikupita vizuri. Chini ya jengo ilikuwamo mifereji ya maji machafu iliyoziba, na uvundo wake ulipanda hadi wodini. Hata maji ya kunywa yalipita penye mzoga wa farasi! Wauguzi walisugua, walifua na walipika usiku na mchana, lakini vifo vilizidi. Mwezi Februari 1855, katika kila wagonjwa 100, kama 42 walikufa.

Mwezi Machi ilifika tume ya afya kutoka Uingereza. Watu wake walizibua mifereji, wakauondoa mzoga, wakafungua njia za hewa na kupaka kuta chokaa. Kufikia Juni, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 2 tu.

Zingatia jambo hili. Wauguzi walikuwapo tangu Novemba, na bado vifo viliongezeka. Vilipungua sana jengo lilipotengenezwa. Bibi Nightingale mwenyewe hakuielewa sababu hiyo mpaka aliporudi kwao mwaka 1856 na kuzipanga hesabu za vifo, mwezi kwa mwezi, akisaidiwa na mtaalamu wa takwimu William Farr. Kisha akazichora katika michoro ya rangi, ili wakubwa wa serikali wazione kwa macho.

Mwaka 1859 alitoa kitabu juu ya ujenzi wa hospitali. Alitaka wodi iwe ndefu na nyembamba, yenye madirisha pande zote mbili, yaanzie karibu na sakafu na kufika karibu na dari. Kila vitanda viwili vipate angalau dirisha moja. Kuta na sakafu zisinywe maji, na mifereji isipite chini ya wodi.

Si wote waliomsikiliza. Huko Netley, Uingereza, hospitali kubwa ya askari ilikuwa imekwisha kuanza kujengwa. Ushoroba wake ulielekea baharini, na wodi zikatazama nyuma! Alilalamika hadi kwa Waziri Mkuu, naye akakubali kwamba lilikuwa kosa, lakini ujenzi uliendelea. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ndiyo iliyofuata mpango wake.

Bibi Nightingale aliamini kwamba maradhi huletwa na hewa yenye uvundo. Leo tunajua kwamba mengi huletwa na vijidudu. Lakini hewa inayopita huvipunguza vijidudu vya kifua kikuu vilivyomo chumbani, kwa hiyo madirisha yake yalifaa ingawa maelezo yake yalikuwa na kasoro. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na umri wa miaka 90.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, ufukweni penye upepo wa bahari. Ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji.

Sasa tufikiri juu ya Mbuchi, katika delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Tuseme wewe umepewa kazi ya kuchora zahanati ya huko. Kuta ndefu uzielekeze kaskazini na kusini. Hivyo pepo za kusi na kaskazi zitapita ndani, na jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu. Katika Uingereza yenye baridi, Bibi Nightingale alitaka kinyume chake, ili jua liingie. Madirisha makubwa nayo hukaribisha mbu, basi yawekee wavu. Sakafu iinue juu kuliko maji ya bamvua na ya mafuriko. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia vijijini katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Choo ndicho kigumu zaidi. Katika delta maji ya ardhini yako karibu, na shimo refu litayafikia na kuchafua visima, kama ile mifereji ya Scutari ilivyochafua wodi. Kwa hiyo shimo lijengewe juu ya ardhi, mbali na kisima, na maji ya mvua yakingwe kutoka kwenye bati hadi kwenye tangi lenye mfuniko.

Kazi ya kufanya: Mwalimu afukize ubani katikati ya darasa. Fungeni madirisha yote ya upande mmoja, mhesabu dakika mpaka moshi uishe. Rudieni madirisha ya pande zote mbili yakiwa wazi. Andika nyakati zote mbili katika daftari lako, kisha chora darasa na uonyeshe kwa mishale njia uliyopita moshi.